Kisiwa kidogo cha hifadhi: hesabu ya wageni ianzie chooni, si kwenye boti

Mleta uzi:

Idi Pili moja, saa nane mchana, maji yalituishia kisiwani tukiwa na watu zaidi ya 400 ufukweni. Matangi matatu ya lita 1,000 yalikauka moja baada ya jingine. Foleni ya choo ilikuwa imefika kwenye banda la tiketi, akina mama wamebeba watoto, wazee wanabadilisha mguu wa kusimamia. Baada ya nusu saa foleni ikaanza kupungua. Nikashukuru Mungu, mpaka nilipoelewa kwa nini inapungua: watu walikuwa wanaingia vichakani.

Vichakani kwetu ndiko kwenye makaburi.

Kesho yake asubuhi alikuja mzee mmoja kutoka kijiji cha ng'ambo na wajukuu wake wawili. Huja kila mwaka baada ya Ramadhani kuwasomea dua wazee wake waliolala pale. Nilimkuta amesimama kwenye kaburi la pili, lile lenye tundu la duara ukutani palipong'oka bakuli la kaure zamani. Karatasi chafu zilikuwa zimepeperuka zikanasa kwenye chokaa iliyolika. Hakunigombeza. Alivua viatu, akakunja kanzu mpaka magotini, akaniomba fagio na ndoo ya maji. Maji sikuwa nayo. Akachota ya bahari.

Wakuu, nimefanya kazi ya kupokea wageni kwenye kisiwa cha hifadhi katika pwani yetu kwa miaka tisa. Kisiwa sikitaji, maana sina nia ya kumchongea mtu na shida yenyewe si ya kisiwa kimoja. Ila tangu asubuhi ile, mtu akiniuliza kisiwa kidogo kinaendeshwaje, namwambia tuanze na choo.

Tuliokulia Dar wengi tunaijua Mbudya ukitokea Kunduchi na Bongoyo ukitokea Msasani. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, zilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Sinda na Makatumbe zikaongezwa mwaka 2007. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ni ya 1994. Kwa hiyo ulinzi kwenye karatasi tunao zamani. Kinachotushinda ni siku yenyewe, pale boti zinapoanza kushusha watu.

Kisiwa cha namna hii hakina mto wala kisima cha maji baridi cha kutegemea. Ni jiwe la matumbawe ya kale lenye udongo kidogo juu, mivinje, mibuyu miwili mitatu na msitu mfupi. Jiwe lile lina matundu kama sifongo. Ukichimba shimo la choo la kawaida, maji machafu hayakai humo, yanapenya yanaingia baharini. Yakifika kwenye mwamba hai yanalisha mwani, mwani unafunika matumbawe, samaki wadogo wanakosa pa kujificha. Yaani mgeni amelipa kiingilio aje aone samaki, na choo tulichompa ndicho kinachowafukuza.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mtu mmoja chooni, kwa kopo na ndoo, anatumia kama lita nne. Akikaa kutwa ataenda mara mbili, lita nane. Watu 400 ni lita 3,200, sawa na madumu 160 ya lita 20, na kila dumu limevushwa kwa boti na kubebwa begani kutoka ufukweni. Matangi yetu yakijaa kabisa yalikuwa na lita 3,000. Hapo mama lishe hajaosha sahani, na hakuna aliyekatwa na jiwe akahitaji kuoshwa kidonda. Ile Idi Pili maji hayakuisha kwa bahati mbaya. Yaliisha kwa hesabu ya darasa la nne ambayo hatukuwahi kuipiga.

Halafu hesabu ya matundu ya choo. Tulikuwa na manne. Mtu akitumia dakika nne, tundu moja linahudumia watu 15 kwa saa, manne watu 60. Kwa saa tano za pilikapilika ni mara 300, na kila mtu akienda mara mbili ni watu 150. Maji yanakuruhusu 375, choo kinakuruhusu 150. Mimi nasema namba ndogo ndiyo itawale. Sisi tulikuwa tunaangalia boti: zimefika, zina nafasi, leteni watu.

Kuna jambo la pili, na hili sijasikia likizungumzwa kwenye kikao chochote nilichokaa. Idi ya baada ya Ramadhani ni mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama ni bamvua, yaani bahari hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu wakati wa bamvua maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, nne na nusu. Kwa maneno mengine, kila mwaka bila kukosa, siku yenye wageni wengi kuliko zote maji yanatoka kabisa saa ileile boti zinapofika. Boti haiwezi kusogea ufukweni. Nahodha anashusha watu kwenye mwamba, nao wanatembea mita mia mbili juu ya matumbawe na nyasi bahari, wengine na viatu vya ngozi, wengine wanavuta kreti za soda. Nimeinama mara nyingi baada ya umati kupita. Unakuta matawi ya matumbawe yamevunjika, palipovunjika ni peupe kama mfupa wa kuku. Idi ya kuchinja huja siku ya kumi ya mwezi mwandamo, bahari haikauki hivyo, na uharibifu niliouona siku hizo ni mdogo sana japo watu ni walewale.

Kwa hiyo pendekezo langu: watu 150 kwa wakati mmoja, zamu mbili kwa siku za sikukuu, na saa za zamu zipangwe kwa jedwali la maji kujaa na kupwa. Tiketi ikatwe bara kabla ya mtu kupanda boti, na ikiisha imeisha. Sehemu ya kiingilio itengwe kwa ajili ya choo na maji tu, isiguswe kwa kitu kingine.

Nataka kusikia mnaofanya kazi hizi. Hasa manahodha, najua mtakuwa na neno.

Nahodha wa Zamu:

Mkuu, nakuheshimu na hayo ya bamvua umesema kweli tupu. Ila umeongea kama mtu wa mshahara.

Boti yangu ni ya faiba, inabeba abiria 25. Petroli ya kwenda na kurudi ni ileile nikibeba watano au 25. Kusi ikikaza, na mvua za masika juu yake, kuna wiki sing'oi nanga kabisa. Siku zinazonilipia ada za watoto ni Idi, Pasaka, tarehe 26 Desemba na Mwaka Mpya. Hapo gatini tupo boti kumi na mbili. Watu 150 ni boti sita. Hao sita wengine wakae wanatazama? Na yule abiria aliyetoka Mbagala na watoto wanne, amepanda daladala mbili, nimwambie tiketi zimeisha arudi?

Mleta uzi:

Kaka, swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sitalikimbia.

Tazama mnavyofanya sasa. Asubuhi unapeleka watu 25, unarudi mtupu. Jioni unakwenda mtupu kuwachukua. Mzigo mmoja wa abiria unakula safari mbili za mafuta. Mizigo miwili, safari nne. Kwenye zamu mbili asubuhi unapeleka umejaa, unarudi mtupu. Saa saba mchana unapeleka zamu ya pili umejaa na kurudi na zamu ya kwanza umejaa. Jioni unakwenda mtupu, unarudi umejaa. Mizigo miwili, safari tatu. Mafuta ya safari nzima yamebaki mfukoni mwako.

Kwa Idi ya bamvua zamu ya kwanza ishuke saa moja na nusu asubuhi, maji bado yapo ya kutosha kusogea. Wakati wa maji makavu wawe juu kisiwani, ndipo wa kuwatembeza afanye kazi yake: msitu, magofu, makaburi. Saa saba maji yamerudi, wapande boti bila kukanyaga mwamba. Zamu ya pili wanakuta bahari inajaa, waogelee, saa kumi na moja na nusu wameondoka wote kabla ya giza.

Boti sita kwa kila zamu, zamu mbili, kila boti kati ya kumi na mbili ina mzigo mmoja uliojaa wa uhakika. Mkiamua wenyewe kupokezana, mafuta yanapungua zaidi. Sikudanganyi, watu 300 si 400, mapato ya siku ile yatapungua. Na mama wa Mbagala, tiketi ikianza kuuzwa wiki moja kabla, hata kwa simu, atajua angali nyumbani.

Nahodha wa Zamu:

Hapo kwenye kutorudi mtupu umenigusa. Hebu niipigie hesabu na wenzangu.

Mama wa Jikoni:

Wanangu, mimi nimekaanga samaki visiwani miaka mingi, naomba mnisikilize.

Hesabu ya mwanangu mleta uzi ina kasoro moja. Dakika nne ni za mwanamume. Mwanamke aliyevaa dira na baibui, ana mtoto wa miaka mitatu mkononi, hawezi dakika nne. Mnajenga matundu mawili ya wanaume na mawili ya wanawake, mnasema mmegawa sawa, halafu foleni ya wanawake inazunguka banda na ya wanaume haipo. Tundu moja la wanaume na mahali pao pa haja ndogo panatosha. Matatu wapeni wanawake. Na moja kati ya hayo liwe pana, mlango wake ufunguke vizuri, kwa mgonjwa na mzee.

Na watu hawaendi chooni sawasawa kutwa nzima. Mimi nauza chakula kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane. Saa nane ndipo wote wanaelekea kule. Kama mnataka maji yasiishe, msijaze matangi asubuhi tu, muwe na tangi moja lililofungwa kwa kufuli linalofunguliwa saa nane.

Mimi natoka bara na madumu yangu manne, naosha sahani kwa mabeseni matatu, maji ya mwisho namwagia miti. Nimewahi kuambiwa na kijana wa hifadhi nisitupe vichwa vya samaki nyuma ya jiko kwa sababu ya wale kaa wakubwa wanaopanda minazi. Nilikasirika, baadaye nikaelewa. Chakula kikibaki chini panya wanakuja, na panya wakishazoea kisiwa hawaachi yai la ndege wala la kasa.

Mleta uzi:

Mama, shikamoo. Nimesahihisha daftari langu sasa hivi. Matatu kwa moja, na tangi la saa nane.

Kuhusu wale kaa wa nazi, huyo kijana alikuambia kweli. Ndiye kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu, mkubwa wao anafikia kilo nne. Anakua taratibu mno. Akiuawa mmoja mkubwa, kisiwa kimepoteza miaka mingi kwa siku moja. Usiku nilikuwa namsikia mmoja akikwaruza pipa la taka kama mtu anayefungua kufuli kwa msumari. Tuliishia kuweka taka zote kwenye viroba na kuvirudisha bara kwa boti ya mwisho, maana kuchoma ufukweni kunaleta moto na mwanga, na vitoto vya kasa vikitoka kwenye mchanga vinafuata mwanga badala ya bahari.

Fundi Chokaa:

Naomba kuongelea hayo makaburi, wadau, maana mmelalia sana upande wa choo.

Mimi ni fundi wa kuta za kale, nimebeba mawe Kilwa Kisiwani. Wengi mnajua Kilwa na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikatolewa humo 2014. Kazi iliyofanyika katikati hapo ilikuwa ya mikono, jiwe kwa jiwe. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuuogopa mfuko wa saruji.

Ukuta wa zamani ni jiwe la matumbawe na chokaa. Chokaa inapumua. Unyevu wa chumvi unaingia na kutoka. Ukiziba ufa kwa saruji, saruji haipitishi kitu. Chumvi inabaki ndani, inakauka, inavimba, na jiwe la nyuma linasagika kuwa unga. Baada ya misimu michache kiraka cha saruji kinasimama peke yake kama jino, ukuta umeondoka. Nimekiona kwenye magofu mengi, na aliyeziba alikuwa na nia njema kabisa.

Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Gofu la namna hiyo hurekebishi bila kibali, hata kama ni kiraka cha kiganja. Kwa hiyo mwenye kisiwa asiseme nitamwita fundi wa mtaani aje mara moja. Awe na chokaa yake imelowekwa kwenye shimo mapema, na fundi anayejua.

Swali langu kwa mleta uzi: kuna uzio wowote pale makaburini?

Mleta uzi:

Fundi, uzio wa seng'enge ulikuwepo, chumvi ikaumaliza. Baada ya tukio lile tulipanda mstari wa vichaka vyenye miiba, tukahamisha njia ya wageni ipite mbali kwa hatua thelathini. Makaburi unayaona ukiwa umesimama sehemu moja tu, na pale anakuwepo mtu wa kueleza.

Yule mtu wa kueleza ndiye uzio wenyewe. Mgeni akiambiwa haya ni ya watu walionunua bakuli kutoka China kwa biashara ya jahazi, wakaziweka kwenye makaburi ya wapendwa wao, na wajukuu wao wako ng'ambo pale mpaka leo wanavua, anashusha sauti mwenyewe. Walioona magofu ya Kunduchi wanajua ninachosema. Mgeni asipoambiwa kitu anaona ukuta wa kuegemea apige picha.

Mgeni wa Mara Moja:

Wakuu, mbona hamtaji kisiwa cha Chumbe? Niliwahi kwenda nikiwa Unguja. Pale hamna shida yoyote ya haya. Ila bei yake si ya mimi na wewe.

Mleta uzi:

Ndugu, Chumbe nimeisoma sana. Mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, mnara wa taa ni wa 1904, nyumba ya mtunza taa ndiyo wamefanya mahali pa kupokea wageni. Nyumba za kulala ni saba tu. Kweli bei ni ya watalii, na kisiwa cha jumuiya ya Dar hakiwezi kuishi kwa watu wachache wa bei kubwa. Mtoto wa Manzese ana haki ya kuiona bahari yake.

Lakini tazama wanavyoishi bila maji ya kisima. Paa linakinga mvua, maji yanapita kwenye kichujio cha mchanga na changarawe, yanaingia kwenye tangi lililo chini ya nyumba. Vyoo ni vikavu, uchafu unaoza na kuwa mboji, hakuna shimo linalovuja baharini. Maji ya kuogea yanapita kwenye vitalu vya mimea. Na walinzi walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hayo hayahitaji bei ya mtalii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dar inapata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita mia za mraba, hata ukipoteza sehemu ya tano, linakupa lita 80,000. Hayo ni madumu 4,000 ambayo hakuna kijana aliyeyabeba begani.

Mama wa Jikoni:

Mwanangu, choo kikavu watu wetu watajisafishaje? Sisi hatutoki chooni bila maji. Ukimwaga maji mle si kinaharibika?

Mleta uzi:

Mama, hapo ndipo tulipokwama mwaka mzima. Tulileta choo kikavu cha majaribio, watu wakaingia na kopo kama kawaida, kikajaa maji kikanuka mpaka gatini.

Tulichofanya baadaye ni kutenga sehemu ya kujisafishia pembeni, hatua moja ndani ya chumba kilekile, na mfereji wake mdogo unaokwenda kwenye kitalu cha migomba kilichojengwa kwa sakafu isiyovuja. Na mtu mmoja amesimama nje siku za sikukuu kueleza kila anayeingia. Tulimpata binti mmoja mpole, anaeleza bila kumwaibisha mtu. Tundu lile moja lilifanya kazi vizuri kuliko yale matatu ya maji. Nataka yote manne yawe hivyo, na lita nne kwa mtu zitashuka kuwa moja na nusu.

Mwalimu wa Zamu ya Asubuhi:

Mimi huleta wanafunzi kila muhula. Naomba kwenye hizo zamu mtuwekee Jumanne au Jumatano ya maji mafu, yaani bahari isipopwa sana, watoto wasikanyage mwamba. Safari iliyopita mtoto mmoja alijaza mifuko simbi, yale magamba ya konokono wa bahari, na tukiwa kwenye boti simbi moja ikaanza kutembea. Kaa alikuwa ndani. Tulirudi wote kumshusha, na nahodha hakutudai hela ya ziada. Watoto wale hawajaokota tena.

Nahodha wa Zamu:

Nimekaa na wenzangu. Kati ya kumi na mbili, wanane wamekubali kujaribu zamu mbili kwa Idi ijayo tu, tuone. Wanne wanasema hapana mpaka waone jedwali la maji kwa macho yao. Sharti letu ni moja: jaketi okozi za abiria wa zamu ya mchana zisiwe zilezile zilizolowa asubuhi, mwenye kisiwa anunue seti ya pili. Jumamosi baada ya Alasiri tuko gatini. Njoo na hilo jedwali, na hesabu ya choo uliyoiandika, tuisome kwa sauti.

Mleta uzi:

Nakuja kaka. Mama wa Jikoni, naomba ufike, hesabu ya matundu utaisema wewe. Fundi ukipata nafasi njoo na kipande cha ule ukuta uliosagika, wakione.

Nimempigia yule mzee wa makaburi. Amesema atavuka kwa ngalawa, ila kikao kianze mapema, maana ikifika Magharibi maji yatakuwa yanatoka na anataka kurudi nyumbani bila kukokota chombo juu ya mwamba.